Mtu Anayekimbilia kwa Wifi

Kila nikitoka darasani jioni, kabla hata sijafunga mkoba, namtumia wifi yangu emoji ya mtu anayekimbia. Siandiki neno. Yeye anajua: nimetoka, nakuja mbio. Dada huyu wa mume wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwetu, na nikiwa shule ndiye anayenishikia mwanangu.

Na kila nikifika, mtoto amelala. Amekogeshwa, amepakwa mafuta, anakoroma kama mzee. Mimi nabaki kumnusa shingo kwa kuibia.

"Kifungo leo kanichekesha!" wifi huanza. Hata hilo jina la utani ni lake. Nimzae mimi, jina atoe yeye! Nacheka, lakini moyoni nachemka. Hata yule mtu wa mbio nilianza kumchukia. Ukimtazama vizuri kwenye simu, anakimbia kuelekea kushoto, upande yanapokaa maneno ya wifi. Mimi ananiacha kulia.

Alhamisi mwalimu alipotuachia, sikumtuma. Nilitaka kuwafumania. Ndiyo, kuwafumania, mtoto wa mwaka mmoja na shangazi yake! Wivu ukishapanda hauulizi umri.

Nilivua viatu nje, nikasukuma mlango taratibu. Cherehani ilikuwa kimya. Wifi alikuwa amechuchumaa katikati ya vitambaa, utepe wa kupimia shingoni, mikono kainyoosha. Na mwanangu, ambaye mimi namjua wa kutambaa, alikuwa amesimama. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, akamwangukia shangazi yake kifuani.

"Ameanza lini?" nikauliza.

Wifi akashtuka. "Haa! Mbona leo hukutuma mtu?"

"Nakuuliza, ameanza lini?"

"Juzi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilinyamaza makusudi. Nilitaka Jumapili uone mwenyewe, udhani ndiyo mara ya kwanza."

"Ningemkuta macho ningeona hiyo juzi! Kwa nini kila siku unamlaza?"

"Wee! Si wewe unanitumia mtu wa mbio? Nikimwona tu nakurupuka: maji, mafuta, mgongoni, alale. Ili ukifika usome bila kusumbuliwa. Siku nyingine anagoma, namzungusha humu ndani mpaka miguu inaniwaka moto. Nilijua ndicho unachotaka."

Nikakaa chini, juu ya vipande vya vitambaa. Siku zote hizo nilikuwa namkimbilia mwanangu, kumbe kila nilipoanza kukimbia ndipo alipokuwa anabembelezwa alale.

"Wifi, kuanzia kesho nikituma, usimlaze. Hata akilia. Vitabu vitanisubiri."

"Na akisinzia mwenyewe?"

"Mfinye kidogo."

"Mama gani wewe!" Akacheka, akamgeuza mtoto anielekee, akamwachia.

Nikanyoosha mikono. Mwanangu akanitazama, akamtazama shangazi yake, akamrudia yeye. Kitu kikanichoma palepale, nikainamisha uso wifi asikione. Alikiona. Akamsimamisha mtoto akishikilia kiti cha cherehani, akaingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

Mtoto akaulilia ule mlango. Alilia kwa uchungu, wallahi, na kila kilio nilikihesabu kuwa cha wifi. Kisha akanigeukia. Sikumwita. Nilibaki na mikono hewani mpaka akaachia kiti na kuinua mguu.