Soda za Mgeni Rasmi

Umeme ulikatika mtafiti akiwa na vichupa vya damu mkononi. Akavirudisha haraka kwenye friza, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, kama mtu anayeficha mume wa mwenzake.

Nje jenereta ikaunguruma. Ukumbini taa zikawaka, kipaza sauti kikakohoa. Maabara, giza totoro.

"Shemeji, na huku je?" alimwuliza fundi wa umeme.

"Mkurugenzi kasema laini ya huku izimwe mpaka mgeni rasmi aondoke. Mafuta kidogo, na friza zenu zinakula kama mawifi."

Kwenye benchi la nje alikaa Mama Sabuni, dobi, vidole vimechubuka kwa nguo za watu. Mwaka mzima anameza dawa za virusi vya ukimwi, na kila akipimwa, virusi vimezidi. Nesi alimwambia mbele za watu kwamba dawa anazitupa. Mumewe akamsadiki nesi, godoro akalihamishia sebuleni. Damu yake iliyokuwa kwenye friza ndiyo ingesema kama virusi vimeizoea ile dawa, abadilishiwe. Ikiharibika, foleni ya kutoa nyingine ni miezi, na mwenyewe keshaanza kukonda.

"Mwanangu, nizitupe wapi?" alisema. "Ningekuwa mtupaji, ningeanza na mume."

Akili ya mtafiti ilikuwa jikoni.

Friji la jikoni lilikuwa laini moja na maabara, nalo limezima, kwa hiyo soda za wageni zilikuwa kwenye beseni la barafu. Mpishi alikuwa mlangoni anachungulia wakubwa. Mtafiti akazitoa soda moja moja, akazipanga dirishani juani, vizuri kabisa, adabu ni adabu. Barafu yote akaondoka nayo kwenye ndoo, akaizungushia vichupa vyake.

Mgeni rasmi alikuwa anasema hakuna mgonjwa atakayesahaulika alipopiga funda la kwanza. Uso ukamkunjamana.

"Hii soda au supu?"

Mkurugenzi akatoka mbio, tai imemrukia begani.

"Washa laini ya jikoni!"

"Mkuu, ni moja na ya maabara."

"Nimesema washa!"

Friza ikashtuka, ikaanza kunguruma. Damu za watu zilikuwa zimeomba asubuhi nzima. Soda iliomba mara moja.

Jioni magari ya wageni yaliondoka. Umeme wa mji ulikuwa bado haujarudi, na fundi akaja kuizima laini. Akamkuta mtafiti kaburuta benchi mpaka chini ya swichi, kakaa, na Mama Sabuni ubavuni mwake, wamebanana kama wake wenza waliopatana.

"Dada, nipishe. Mgeni keshaondoka."

"Kamwambie mkurugenzi soda bado hazijapoa."