Mamba wa Jumapili ya Ubatizo

Ifahamike kwa watu wote, wa nchi kavu na wa visiwani, kwamba mimi, Elias Obedi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo kwa heshima yake sitaitaja, nimefanya uchunguzi juu ya swali lililowasumbua maaskofu tangu zamani: je, mtu anaweza kuokoka bila kubatizwa? Uchunguzi ulifanyika ufukweni, hapa Ilemela, mbele ya mashahidi wapatao arobaini. Vifaa vilivyotumika ni mgomba mmoja, vipande vya tairi kuukuu, vizibo viwili vya soda na nailoni ya kuvulia samaki.

Matokeo ni kwamba sijui.

Baba yangu ni mchungaji. Kanisa letu ni la mabati, limebanwa kati ya majabali mawili hivi kwamba wanakwaya wanene huingia kwa ubavu. Baba ni mtu wa mzaha katika mambo mengi, lakini si katika hili: mtu aamini, kisha azamishwe, mwili mzima, mpaka unywele wa mwisho. Kunyunyiziwa anakuita kunawa. Asiyezamishwa, anasema, asitegemee kufunguliwa mlango. Nimelisikia somo hilo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Kisima cha ubatizo tulichoanza kujenga nyuma ya kanisa kiliishia usawa wa goti, saruji ikakata, kwa hiyo tunabatiza ziwani.

Sasa, Bibi Kashindye. Alikuwa jirani yetu, mwenyeji wa Magu, karibu miaka themanini, muuza dagaa wa kukaanga. Aliamini tangu nikiwa darasa la pili, na kwa kuimba aliishinda kwaya nzima, ila maji aliyaogopa. Mara tatu alifika ufukweni na gauni jeupe, na mara tatu aliketi juu ya jiwe, akakunja miguu, akasema ziwa linamtazama vibaya. Watu wakarudi naye nyumbani kama alivyokuja.

Likizo hii alinitaka nimsomee maswali ya darasa la ubatizo, maana macho yake hayakuona tena herufi. Kila jioni nilikwenda. Aliniita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, na mimi kama mume nililalamikia chumvi. Nilipochelewa aliniuliza nimelala kwa mke gani. Tulifika swali la nne, kwa nini unataka kubatizwa, ambalo jibu lake katika karatasi ya baba lina mistari sita. Bibi alilisikiliza lote, akageuza dagaa kikaangoni, akasema yeye atajibu kwa kifupi.

"Nimechoka kukaa nje, mume wangu."

Nilimwambia baba atamnyima maksi. Akasema basi baba aje amnyime mwenyewe.

Sikuwa na ugomvi na Bibi. Ugomvi wangu ulikuwa na Mzee Chenge, mzee wa kanisa, aliyenishtaki kwa baba kwamba nililala wakati wa mahubiri, jambo ambalo lilikuwa kweli na kwa hiyo liliniuma zaidi. Siku za ubatizo, yeye hufunga ibada kwa sala akiwa bado majini. Huombea wasafiri wa meli, wasafiri wa ndege, na wale ambao hawajaamua kusafiri. Nilipanga kwamba siku hiyo sala iwe fupi. Nilichonga mgomba, nikaupaka masizi, nikaupigilia tairi mgongoni na vizibo mahali pa macho. Kwa umbali, na kwa mtu mwenye dhambi, ulikuwa mamba kamili.

Jumapili ile wa kubatizwa walikuwa saba. Baba alisimama maji yakiwa kiunoni, na Mzee Chenge kando yake, suruali ameikunja mpaka magotini, ingawa hapo kukunja hakukuwa na faida tena. Kabla ya kumzamisha yeyote, baba aliwataja wote saba kwa majina akawaombea kwa Jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama ilivyo desturi yake. Kisha akaanza mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya jabali la kushoto, nailoni mkononi.

Sita walizama na kuibuka. Wa saba, Bibi Kashindye, alikuwa juu ya jiwe lake na miguu ameikunja. Nikasema moyoni, ameshindwa tena, ibada imekwisha. Nikainama, nikavuta. Kwa kuwa nilikuwa nimeinama, sikuona kilichofuata, nilikisikia tu: Mzee Chenge akitamka neno mamba mara moja, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kumsikia nayo, kisha maji ya watu wengi wakikimbia. Baada ya hapo nilishughulika na kuuondoa mgomba nikapita nyuma ya mawe. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba dakika ile ile Bibi alikuwa ameinuka na kuingia ziwani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alitoka majini wa mwisho. Watu walisema ni uzee. Binti yake, Mama Justa, alikuwa amekimbia na wajukuu wawili, mmoja kila mkono, na aliporudi alimkuta mama yake ameshafika mchangani, gauni linachuruzika maji. Alimuuliza kama ameumia. Bibi alisema tu kwamba amesubiri. Mama Justa hakuelewa, akamfunika kwa kitenge.

Habari za mamba zilifika Nyakato kabla ya chakula cha mchana, na huko alikuwa na urefu wa mita nne. Mtu mmoja alidai mamba huyo alimla mbuzi wake mwezi uliopita. Nakiri nilifurahi. Baba alitangaza ubatizo mwingine mwisho wa Agosti, mahali pengine. Bibi aliendelea kunipa dagaa na kuniita mume wake, wala hakuzungumzia ziwa, nami nikashukuru kwamba hajui lolote.

Siku ya kumi na moja presha ilimpanda akiwa anachagua mchele. Hospitali walifika naye, lakini madaktari hawakuwa na kazi tena.

Tulikwenda msibani, baba mbele. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake ndani na jikoni. Katika muda wa chungu kimoja cha chai, swali langu la uchunguzi lilipata wataalamu. Modesta, jirani Mkatoliki, alisema kwao kuna ubatizo wa tamaa: mtu aliyetaka kwa moyo wote na kifo kikamwahi, Mungu humhesabia. Tena, akaongeza, paroko wao angekuja na kikombe cha maji kitandani, na mambo yangekwisha siku nyingi, bila mamba. Mzee Chenge alimjibu kwamba kutaka si kupata, yeye mwenyewe ametaka pikipiki miaka tisa. Mtu akamkumbusha yule mnyang'anyi aliyetundikwa pamoja na Bwana, ambaye hakuzamishwa popote na bado aliahidiwa pepo. Mzee Chenge akasema huyo alikuwa msalabani, asingeweza kushuka kwenda mtoni, lakini Bibi Kashindye alikuwa na ziwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Bwana Khalidi wa duka la vifaa, aliyekuja kutoa mkono wa pole, aliulizwa naye anaonaje. Alisema rehema ni ya Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye amekuja kuuliza kaburi linachimbwa saa ngapi.

Nilimwona baba anasugua goti lake, kama anavyofanya akikosa mahubiri.

Mama Justa akatoka ndani. Hakuwa analia. Alisimama mbele ya baba, akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza mbele ya watu wote.

"Mchungaji, umetufundisha mwenyewe, miaka yote. Asiyezamishwa hafunguliwi. Kesho kaburini utasema nini juu ya mama? Nitamwona tena au sitamwona?"

Baba alikuwa na majibu mepesi, na nilitamani atumie mojawapo. Badala yake alisema kwamba hata yeye alikimbia. Alikuwa amemnyooshea Bibi mkono, Bibi alikuwa amebakiza hatua chache kumfikia, na yeye mchungaji akageuka akakimbia mpaka juu kwenye nyasi, wala hakuangalia nyuma mpaka aliposikia kwamba Bibi ametoka majini. Alilisema hilo polepole, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Kisha akasema kwamba Jina lilikuwa limeshatajwa juu ya Bibi pamoja na wale wengine. Kilichobaki kilikuwa maji. Kama katika zile fujo Bibi aliteleza, na maji yakamfunika kichwa, basi yeye ataona kwamba Mungu alimzamisha mwenyewe mtumishi wake alipokimbia, na kesho atamzika kama aliyebatizwa.

"Kuna aliyeona maji yakimfunika?" akauliza.

Mama Justa aligeuka akatutazama mmoja mmoja. Arobaini tulikuwa ufukweni, na hakuna aliyekuwa ameona kitu isipokuwa mamba, au mgongo wa mtu aliyemtangulia.

Nilisimama. Nawaapia sikupanga. Nilimtazama yule mama na nikaona kwamba sentensi moja inatosha, na sentensi ndicho kitu pekee ambacho shule yangu imenifundisha vizuri.

"Mimi niliona," nikasema. "Aliteleza. Maji yalimfunika kabisa, halafu akaibuka."

Mama Justa akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akajifunika uso kwa khanga. Wanawake waliokuwa mlangoni walianzisha wimbo. Modesta alinishika bega. Hata Mzee Chenge alitikisa kichwa kwa kukubali, na kwa muda wa kama ubeti mmoja nilijiona mtu mwema.

Baba ndiye ambaye hakuimba. Alinisogelea.

"Ulikuwa umesimama wapi, Elias?"

"Kwenye jabali, baba."

"Jabali lipi?"

"La kushoto."

"Na mamba alitokea upande gani?"

Hapo wimbo ulikuwa bado unaendelea, lakini waliokuwa karibu walikuwa wameacha.

"Kushoto," nikasema.

"Mamba anatokea miguuni pako, na wewe unamtazama Bibi."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, nina uzoefu wa miaka mingi. Alinitazama tu, akingoja, na nikamwona anafika kwenye jibu kabla yangu. Watu wote walikimbia kwa sababu waliamini kuna mamba. Mtu aliyebaki ametulia, akapata nafasi ya kumwangalia bibi kizee, ni yule aliyejua kwamba hakuna.

"Ulikuwa mgomba," nikasema. "Niliuchonga mimi."

Mzee Chenge alisimama, kisha akakaa tena. Mama Justa alifunua uso. Wimbo ulikatika jikoni, sauti moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo maji hayakumfunika," akasema Mama Justa.

"Hayakumfunika. Yaliishia hapa." Nikagusa kifua changu.

"Sasa ulijuaje yaliishia hapo?"

Wewe unayesoma, nilikuandikia hapo juu kwamba nilikuwa nimeinama. Ndivyo nilivyokuwa nimejiambia kwa siku kumi na moja, na karibu nimeamini. Sikuinama. Nilimwona Bibi Kashindye akishuka kutoka kwenye lile jiwe. Nilimwona akishika gauni lake na kuingia, hatua kwa hatua, huku midomo inamcheza. Nilijua ni nini ninachokiona. Lakini mgomba ulikuwa tayari unaelea, na Mzee Chenge alikuwa amesimama vizuri sana, na nilifikiri watacheka, kisha wataendelea.

Nilimweleza Mama Justa hayo yote, nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama gwarideni. Nikasema kwamba watu walipokimbia Bibi aligeuza kichwa akaniona mimi. Aliniona nikiwa na nailoni, akauona mgomba, akaelewa. Hakuogopa hata kidogo. Nadhani alitaka kucheka.

"Halafu?" akauliza baba.

"Halafu akageuka akakutazama wewe, baba, kule juu kwenye nyasi. Akakunja mikono kifuani kama mnavyowafundisha darasani. Akawa anasubiri urudi."

Baba alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Alisubiri muda gani?" Mama Justa akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

Ningeweza kusema ni kidogo. Alikuwa ananipa nafasi, nafikiri.

"Sijui, mama. Ningetoka nikasema ni mgomba, wote mngerudi. Niliogopa fimbo. Nilipita nyuma ya mawe nikaenda nyumbani, na nilipoondoka, alikuwa bado amesimama."