Mate ya Mkwe

Mdomo wa Ambwene ulizaliwa bila breki. Hata msibani alikuwa akikaa nyuma kabisa, maana akikaa mbele waombolezaji hucheka. Kwa hiyo watafiti wa ugonjwa wa selimundu walipofika zahanati moja upande wa Ndandalo wakitaka kijana aliyesoma sekondari awafafanulie watu mambo kwa Kinyakyusa, kila kidole kilimwelekea yeye.

Na kazi aliiweza. Aliwaeleza kuwa selimundu si uchawi wa jirani, ni vinasaba. Mtoto amerithi kasoro kwa baba, akarithi na kwa mama. Akawaambia kwamba nchi za mbali wapo wagonjwa waliotolewa chembe za uboho, kinasaba kikarekebishwa, wakarudishiwa.

"Mfinyanzi wa Kikisi huziba ufa kabla chungu hakijachomwa," alisema. "Hawa wanauziba maharage yakiwa yanachemka humo humo!"

Watu wakacheka. Angeishia hapo.

Tiba hiyo haikuwa imefika Kyela, lakini mtoto atakayeingia kwenye utafiti angefuatiliwa kliniki na kupewa dawa za kumpunguzia maumivu. Yalitakiwa mate ya vizazi vitatu: mtoto, mzazi, na babu au bibi. Nancy, binti wa Tusekile, alikuwa amebakiwa na babu mmoja tu, Mzee Ambilikile, baba wa baba yake.

Mzee alikaa barazani. Tusekile alikaa nyuma ya jengo, kanga imemfunika hadi puani. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala jina lake halitamki. Wengi siku hizi wamelegeza. Hawa wawili hawakulegeza, na mji mzima uliwaheshimu kwa hilo.

Ambwene aliliona kundi limechangamka, ulimi ukamwasha.

"Haya, wakwe mnaokimbiana, mwisho wenu leo! Mate ya mkwe na ya mkamwana yatalala boksi moja la barafu, yamekumbatiana hadi maabara!"

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko. Mzee Ambilikile akachukua fimbo yake, akashika njia ya mgombani. Nyuma ya jengo, Tusekile akambeba Nancy mgongoni, akashika njia nyingine. Mtoto akageuka, akampungia Ambwene mkono wenye vidole vilivyovimba. Yeye alimpenda Ambwene. Alidhani kachekeshwa kama wengine.

"Mbona wanaondoka?" aliuliza Daktari Jubilate, mmoja wa watafiti, ambaye Kinyakyusa hakijui.

"Wana haraka, daktari."

Hakumaliza hata dakika, akamweleza yote. Daktari akavua miwani.

"Boksi la barafu? Mate haya hayahitaji barafu. Na kama ni mila, si tungeweka mifuko miwili? Nani alikuambia yatalala pamoja?"

"Hakuna. Nilikuwa nawachekesha."

"Gari linaondoka jioni," alisema daktari. Basi.

Ambwene alimkuta Tusekile nyumbani, anamkanda Nancy miguu kwa maji ya moto. Alipiga goti mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila kwa mzaha.

"Dada, nilidanganya. Vichupa vya mate vinakaa mbalimbali."

"Unacheka na nani leo?"

"Sicheki, dada."

"Mimi sikuondoka kwa ajili yangu, Ambwene. Ulimvua nguo baba yangu mbele za watu, nami nimsikie akivuliwa." Akakamua kitambaa. "Sirudi hadi akubali yeye. Kisha ukaseme ukweli mbele ya walewale uliowachekesha."

Mzee alikuwa kwenye kakao yake, anapasua maganda. Ambwene alimsalimu kama baba, "Ugonile, tata." Mzee akapasua ganda la pili. Akajieleza huku jasho likimtiririka. Mzee alipasua ganda la tatu, la nne.

"Mjukuu wangu anaumwa leo?"

"Vidole vimevimba, tata."

Mzee akaweka panga chini. "Mwambie mama yake atangulie. Akishaondoka, nitakuja mimi."

Barazani watu walikuwa bado wapo. Ambwene akasimama palepale.

"Ndugu zangu, yale ya boksi niliyatunga. Nimewavunjia heshima watu wawili wasionikosea. Naomba radhi."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja alijipiga paja: "Huyu mtoto ana vituko! Ametoa na machozi!"

"Jamani, ni kweli," alisema, nao wakazidi. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyoshikilia mbavu. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani awe mtu asiyechekesha hata kidogo.

Tusekile, aliyekwisha kuitwa, alisikia yote kutoka nyuma ya jengo. Alitema mate kwenye kichupa, akamsaidia Nancy kutema kwenye chake, akampa Ambwene bila kumtazama. Yeye akavishika kwa mikono miwili, akavipeleka kwenye mfuko wao, akaufunga. Mama na mwana walipokwisha kupotea mgombani, Mzee alitokea upande wa pili, akatema kwenye chake, kikaingia mfuko mwingine.

"Ndaga, tata," Ambwene alimshukuru.

Mzee akampita bila kuitika. Barazani mtu akaita, "Ambwene, hebu tupe kingine kabla gari halijaondoka!"

Ambwene alikaa kwenye ngazi, mfuko mmoja kushoto, mwingine kulia, akalisubiri gari akiwa amefunga mdomo.