Masufuria ya Mama Limi Mnadani

Mwinjilisti Sostenes alipiga hodi kwa Melania siku ya tatu baada ya masufuria yake kubebwa, na Melania akajua hapo hapo kwamba huyu ana lake jambo. Hebu fikiria: mtu wa kanisa anakuja kwako Jumanne saa nne asubuhi, hakuna msiba, hakuna mgonjwa. Anatafuta nini?

"Mama Limi, nasikia watu wa kausha damu walifika hapa."

Walifika, ndiyo. Si unaijua mikopo ile ya mtaani? Unachukua laki mbili leo, mwezi haujaisha riba imeuzidi mkopo wenyewe. Marejesho yalimshinda wiki mbili tu, basi Davis, kijana wa ofisi yao pale Buseresere, akaja na guta akabeba masufuria yote matatu. Hayo ndiyo aliyokuwa akipikia wali wa wachimbaji. Bila masufuria hakuna wali, na bila wali yeye na mwanawe Limi walale njaa.

Sostenes akauliza alikopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani, karatasi iko wapi. Akaipiga picha kwa simu. Picha ya nini sasa?

"Mwinjilisti, kama mnataka kunipa sadaka, sitaki," Melania alisema. "Mimi si ombaomba."

"Nimekusikia, mayu," Sostenes akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, akaaga.

Alhamisi yake Melania alikuwa akipita barabara ya Biharamulo, akamwona nani anatoka ofisini kwa Davis? Sostenes! Wanacheka, wameshikana mikono kama mashemeji. Moyo ukamlipuka paa. Kumbe picha ilikuwa ya kupeleka huko! Lao moja hawa. Kesho watakuja kubeba na kitanda.

Alimweleza jirani yake Ghati, naye anasali kanisa la akina Sostenes. Ghati akaanza kuchezea ncha ya kanga yake. "Mh, shoga, wewe njoo tu Jumapili," akasema.

Hata Ghati! Melania alichoka kabisa.

Jumapili akaenda, ila hakwenda kusali, alikwenda kuwachunguza. Alikuwa na sarafu ya mia moja tu, ameifunga kwenye pindo la kanga. Kapu la sadaka lilipofika mbele yake alilikazia macho likapita. Leo hamli changu, alisema moyoni.

Baada ya ibada wakatoka nje kwenye mnada, kama kila Jumapili. Asiye na hela hutoa kuku au mahindi, vikauzwa pale pale na fedha ikaingia kapuni. Mnadishaji ni Mzee Bujiku, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kuku wakaenda. Debe la mahindi likaenda. Kisha Bujiku akainua sufuria kubwa, akaligeuza.

Loo! Kwenye kitako kulikuwa na herufi L nyekundu ya rangi ya kucha, alama aliyoipaka Melania mwenyewe ili vyombo visipotee misibani.

"Elfu kumi!" Bujiku akaita.

Kimya. Watu wanaogombania yai moja hapa, leo wote wamefunga midomo. Elfu tano, kimya. Elfu moja, kimya. Wanatazama viatu vyao. Wamepanga, Melania aliwaza. Wanalishusha bei mpaka liwe la bure, alichukue mmoja wao.

"Mia!" Bujiku akasema, akimtazama yeye.

"Mia yangu!" Melania akapiga kelele. "Nanunua mali yangu mwenyewe, wezi wakubwa nyie! Mnagawana na Davis, halafu mnaleta mbele ya Mungu!"

"Limekwenda!" Bujiku akanguruma, na vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Ghati akatoka nyuma ya mlango wa kanisa na yale mengine mawili. "Na haya ni fungu hilo hilo!" Bujiku akaongeza.



"Akina mama waliuza mahindi ya mavuno, tukayakomboa masufuria yako," Sostenes akamwambia taratibu. "Davis tulimkalia ofisini siku nzima mpaka riba akaifuta. Mwishowe alicheka mwenyewe, alivyoona hatuondoki. Salio la mkopo utalipa kidogo kidogo, nasi tutakuwa nawe. Ila ulisema sadaka hutaki, mayu. Ndiyo maana tukakuuzia."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alihangaika na fundo la kanga, vidole vikakataa, akalifungua kwa meno. Bujiku akamsogezea kapu. Lilikuwa lile lile la asubuhi.

Akatia mia yake, asithubutu kumtazama mtu usoni.