Pilote ya Kutoka Salamabila

"Umenifungia, Mama Élysée! Sema tu mbele ya watu, umenifungia!"

"Miye? Nikufungie juu ya nini? Wi-Fi iko inatembea. Angalia, dada yangu wa Bukavu huyu hapa, ananiona mpaka meno!"

"Inatembea kwako. Kwangu imekufa. Jana ilikuwako, leo haiko. Funguo yake iko na nani kama haiko na weye?"

Ilikuwa Jumatano asubuhi, saa mbili haijatimia, na avenue nzima ilikwisha kutoka nje. Hapa Kasongo, ugomvi wa wanawake wawili hauhitaji kengele. Aliyekuwa anafagia aliegemea ufagio wake, aliyekuwa na povu mdomoni alikuja na mswaki wake, na waliochelewa waliwauliza waliowahi: nani kaanza?

Aliyeanza ni Marcelline, msaidizi wa wakunga, ambaye watu humwita Mama Laetitia. Alisimama kwenye mpaka wa parseli mbili, yake na ya jirani, kompyuta wazi mikononi, kama mzazi anayeonyesha mtoto wake aliyepigwa. Pembeni ya kioo, pale alama ya mtandao inapokaa siku zote, palikuwa na msalaba mwekundu. Ng'ambo yake, mkono kiunoni, alisimama Consolée, huyo Mama Élysée mwenyewe. Juu ya bati la nyumba yake kuna antena nyeupe inayonasa internet kutoka mbinguni. Code yake ya kuingilia haisemwi kwa mtu. Consolée huiandika kwa kidole chake mwenyewe, kwenye mashine ya yule anayempenda. Kwenye mashine ya Marcelline aliiandika siku ile ile antena ilipopandishwa, kwa maana Élysée alizaliwa jikoni, mvua ikimwagika, na mikono iliyompokea ni ya Marcelline.

"Mutoto wangu ulimupokea weye," Consolée alisema, sauti ikishuka. "Leo nikufungie weye?"

"Jumapili ulisema nini pale kanisani? 'Mama Laetitia akienda Kindu, sisi tutabaki kuzalia kwa nani?' Wote hawa walisikia. Unataka nibaki! Wivu!"

"Eh! Ile ilikuwa kicheko!"

"Kicheko chako nimekiona leo." Na hapo, kwa hasira, Marcelline akalitoa neno. "Basi sikia, Mama Élysée. Kuanzia leo, moto wako siombi tena."

Ufagio ulianguka chini. Katika avenue ile, anayeishiwa kiberiti huchukua kaa la moto kwa jirani, na kumwambia jirani mbele ya watu kwamba moto wake huombi ni kumzika akiwa hai. Hutamwendea kwa chumvi, wala kwa ungo, wala kwa jambo lolote. Neno hilo halifutwi kwa samahani. Hufutwa kwa kula sahani moja nyumbani kwa yule uliyemwapia, na ni yeye anayekuita. Wako walioapa hivyo wakazeeka wakingoja kuitwa.

Consolée aliingia ndani bila kujibu. Hilo ndilo lililowatisha watu, maana Consolée ni mtu wa kujibu.

Marcelline hakuwa mgomvi. Lakini ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ilikuwa Ijumaa yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipokea watoto bila diplome. Kila mwaka huletwa msichana na karatasi yake kutoka Kindu. Marcelline humfundisha namna ya kumgeuza mtoto anayekuja kwa miguu, na mwezi haujaisha msichana ndiye mkubwa wake, anamtuma maji. Mwaka huu shule moja ya wakunga kule Kindu ilifungua mlango kwa wenye mikono wasio na karatasi. Nafasi kumi tu, kwa mtihani wa internet, Ijumaa, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Mtihani hufunguka kwenye kompyuta ile ile uliyojiandikishia, simu haiukubali. Na aliyefikisha miaka arobaini hapokelewi. Marcelline angefikisha arobaini mwezi wa pili. Ijumaa nyingine kama hiyo haikuwako.

Mchana alimwita Aristote, fundi wa simu na mashine sokoni, kwa kuwa Aristote ndiye wa mwisho kuigusa. Barua ya shule ilisema kila mtu aifanyie mashine yake mise à jour, yaani programu zake zifanywe mpya, na Jumanne Marcelline aliipeleka kwake. Aristote alikaa kwenye kiti cha mgeni, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Uso wake ulibadilika.

"Mama Laetitia, haiko Mama Élysée."

"Kama si yeye, njo nani?"

Aristote alijikuna shingo. "Iko pilote."

Pilote ni kale kaprogramu kanakoiongoza mashine kutumia kipande chake cha Wi-Fi. Bila pilote, kipande kipo tumboni lakini hakisikii wala hakisemi. Jumanne Aristote alifuta pilote ya zamani na kuweka mpya kutoka kwenye clé yake, kale kajiti ka USB, ili mtandao uende mbio siku ya mtihani. Kibandani kwake hakuna Wi-Fi ya kujaribia. Aliizima mashine, akaipangusa vumbi vizuri, akamrudishia mwenyewe: "Imekuwa mupya!"

"Basi rudisha ile ya zamani."

"Niliifuta, mama. Ili zisigombane."

"Chukua ingine kwenye internet."

"Kuchukua kwenye internet inaomba Wi-Fi. Na Wi-Fi inaomba pilote."

Mnara wa simu nao ulikuwa taabani tangu Jumatatu. Mtu aliweza kupiga simu kwa kubahatisha, lakini internet haikupita hata chembe. Aristote aliinua macho mpaka kwenye bati la jirani.

"Njia iko moja. Nipite kwa Mama Élysée, aniandikie code kwenye telefone yangu. Kisha ninaunganisha telefone na mashine yako kwa kamba hii. Internet inapita mu kamba. Dakika mbili."

Kutoka kwenye kiti kile hadi mlango wa Consolée ni hatua sita. Marcelline alizihesabu kwa macho. Alishajua sasa kwamba amemtukana mtu bure, na kujua huko hakukuupunguzia mlango ule uzito, kuliuongezea. Kama Consolée angekuwa na kosa, yeye Marcelline angeweza kumsamehe. Lakini mwenye kosa ataanzia wapi, na avenue nzima inasikiliza?

"Usiende," alisema.

"Mama, dakika mbili tu..."

"Nimesema usiende. Afazali tutume mpaka Salamabila, hata kama ni mbali."

Na Aristote, tusimfiche, naye alipumua. Angekwenda kwa Consolée, kufika jioni Kasongo nzima ingejua nani aliyeua mashine. Alimpigia rafiki yake Emile, aliyeko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, ambako internet haikosi. Mara ya tano simu ikapita.

"Mashine gani?" Emile aliuliza.

Aristote alifunga kifuniko, akamsomea jina na namba zilizoandikwa juu yake, polepole, mara mbili. Emile aliishusha pilote ya jina hilo, akaiweka kwenye clé, akaifunga kwa nailoni na uzi, akamkabidhi Héritier, mwendesha pikipiki.

Alhamisi ilikuwa ya kungoja. Mvua ilinyesha upande wa Wamaza, njia ya Salamabila, na watu walioijua barabara ile walitikisa vichwa. Kwa Marcelline hapakukosa watu. Mwenye taabu haachwi peke yake. Walikuja na viti vyao, wengine na karanga. Mmoja akasema mashine imelogwa, mwingine akasema dunia ya sasa hata uchawi unaomba network. Walicheka, naye akacheka nao kidogo. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu, na Marcelline alimsikia upande wa pili akisugua masufuria.

Jua likiteremka, Héritier alifika, tope mpaka kwenye nyusi.

"Mama, miye nimeanguka mara mbili. Clé haijaanguka hata mara moja!"

Walimpigia makofi. Aristote aliichomeka clé, watu wakasogeza viti. Mashine ilifikiri, ikafikiri tena, ikaandika kwamba haikioni kifaa cha pilote hiyo. Akarudia. Akaizima na kuiwasha. Ikaandika yale yale.

"Labda imechoka na safari," mama mmoja alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ijumaa alfajiri Marcelline aliamshwa na mchi. Kwa Consolée walikuwa wanatwanga sombe ya majani ya muhogo, sombe nyingi, ya wageni. Ana karamu, aliwaza. Leo ya leo, ananitwangia karamu masikioni.

Saa nne ilipogonga, kule Kindu mtihani ulifunguka. Aristote, aliyeijaribu ile clé mpaka usiku na tena asubuhi, alikuwa amepiga magoti barazani na bisibisi yake. "Niipasue tumbo," alisema, "nisome jina la kipande chenyewe." Alitoa misumari kumi na mmoja iliyokaza, kwa zaidi ya saa nzima, akaipanga kwenye kisoda. Aliinua kifuniko cha chini, na mikono yake ikasimama.

Ukingoni plastiki ilikuwa imeyeyushwa na chuma cha moto ili ikubali kuingia pasipo pake. Kazi ya haraka, mbaya kidogo. Aliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

"Mama Laetitia. Ile ajali ya pikipiki ya njia ya Lusangi, miaka miwili sasa..."

"Nilipoanguka nayo. Ikavunjika juu na chini."

"Niliivalisha nguo ya ingine. Kifuniko cha mashine iliyokufa. Zilikuwa ndugu, ila hazikuwa moja." Hakuinua macho. "Jina lililo juu si lake. Jumanne nilichagua pilote kwa jina lile. Na Emile nilimusomea jina lile."

Siku mbili walikuwa wakimwita aliye hai kwa jina la marehemu, wakashangaa haitiki.

Ilikuwa saa tano na robo. Jina la kweli lilikuwa hapo tumboni, limeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, na mtu wa kulituma Salamabila na kurudi kabla ya saa sita hajazaliwa. Aristote aliirudisha misumari, mmoja ulikosa tundu, akauweka mfukoni. Watu waliangalia chini. Marcelline alikaa, na mikono ile iliyopokea watoto wasiohesabika ililala mapajani kama vitu vya kuazimwa.

Saa sita kasoro robo alisimama. Aliichukua mashine, akaichukua na kamba ya Aristote, na mbele ya macho yote yaliyokuwapo Jumatano akazitembea zile hatua sita.

"Hodi! Mama Élysée, hodi!"

Mlango ulikuwa na kufuli.

"Alitoka tangu saa tatu," mtu alisema. "Kaenda soko."

Aristote alitoka mbio kuelekea sokoni. Marcelline aliketi kizingitini, mashine mapajani. Juu yake antena iling'aa na jua. Internet ilikuwa inamiminika pale pale juu ya kichwa chake, naye ameketi chini yake mkavu. Msalaba mwekundu haukuondoka. Saa sita ikafika, ikapita, kimya, kama saa zingine.

Consolée alitokea saa sita na dakika kumi, kwa njia nyingine, Aristote hakumwona. Alibeba samaki wawili ndani ya majani. Alimwona Marcelline mlangoni kwake, akasita, kisha uso wote ukafunguka.

"Umekwisha maliza? Jana nilisikia makofi, nikajua mashine imepona. Teste ilikuwa nguvu? Umeshinda?"

Marcelline aliigeuza mashine amwonyeshe ule msalaba. Wakaeleza wengine, wote kwa pamoja, fundi, pilote, Salamabila, kifuniko cha marehemu. Consolée hakungoja mwisho. Samaki walianguka mavumbini. Alichomoa telefone kwenye pindo la kitenge, akanyakua kamba, akachomeka huku na huku, akabonyeza. Dakika mbili alizosema Aristote hazikuisha. Msalaba uliondoka. Ukurasa wa shule ukafunguka, mweupe, mzuri, na jina lote la Marcelline juu yake. Chini ya jina paliandikwa kwa Kifaransa kwamba muda umekwisha, na kwamba wanamshukuru.

Alisoma mara moja tu.

"Mungu hakupenda," mama mmoja alisema kwa upole. "Utabaki na sisi, Mama Laetitia."

"Ndiyo, baki na sisi," wakasema wengine, na walisema kwa mapendo. Lilikuwa neno lile lile la Jumapili, ila sasa lilitoka katika vinywa kumi na hakuna aliyecheka. Alimwona msichana wa mwaka ujao akishuka kwenye pikipiki na karatasi yake ndani ya nailoni. Atamfundisha mtoto wa miguu. Atatumwa maji. Na wa mwaka utakaofuata hivyo hivyo, mpaka mikono izeeke.

Aristote alirudi anahema, akaona nyuso, akaishia barabarani. Watu wakaanza kukunja viti vyao.

Consolée peke yake hakusema kitu juu ya kubaki. Aliwaokota samaki, akawapuliza vumbi.

"Sombe niliitwanga alfajiri," alisema, akiwaambia samaki zaidi kuliko mtu. "Nilisema, akimaliza teste yake njo nitamuita, tumalize maneno. Nilikosa samaki tu. Soko yote haiko samaki leo, nimezunguka mpaka..."

Alifungua kufuli, akampita Marcelline pale kizingitini, akaingia. Moto ulilia, mafuta yakalia. Marcelline hakuondoka. Mashine mapajani ilikuwa bado imeunganishwa, internet imejaa tele, na hapakuwa na kitu hata kimoja duniani cha kuitumia. Ilikaa hivyo mpaka betri ikaisha yenyewe na kioo kikawa cheusi.

Harufu ya sombe ilitoka, kisha sauti ya sahani moja kubwa ikiwekwa juu ya mkeka.

"Mama Laetitia."

Aliichomoa kamba ya Aristote, akaikunja.

"Mama Laetitia, wali inapoa. Acha hiyo kitu hapo nje. Ingia, tukule."