Loki Anapenda Peremende

Chumba chetu cha Najma, mtaa mmoja wa Doha, kilikuwa na vitanda vinne, dirisha moja na sheria tatu. Sheria zilikuwa za Mama Pam: hakuna mwanamume, hakuna kukaanga samaki, na hakuna mungu mwingine. Mama Pam ndiye aliyekodi chumba kwa mwenye nyumba, kwa hivyo alikuwa waziri, hakimu na askari jela. Mimi Millicent, mfua mashuka katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, nilikuwa nimevunja ile ya samaki mara mbili na bado nilikuwa nahema. Ile ya tatu hakuna aliyewahi kuijaribu. Ungeanzia wapi hata?

Nyanchama alianzia dirishani.

Alitujia mwezi wa sita mwaka wa 2011, jua likiwa la kukaangia mayai juu ya boneti ya gari. Binti wa Keroka kule Kisii, mwembamba, miwani mikubwa, fundi wa kompyuta katika ofisi moja hatua chache kutoka hotelini kwangu. Alikuwa ameshatolewa vyumba viwili kabla ya chetu. Sababu hakusema na sisi hatukuuliza. Nusu ya watu ninaowajua Doha walitolewa mahali fulani. Mimi mwenyewe nimetolewa hadi jikoni kwa watu nikiwa na mwiko mkononi.

Jumamosi yake ya kwanza nilimkuta akipanga vitu dirishani: kikombe cha karatasi cha karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki inayouzwa kila kona, peremende mbili nyekundu, na kimshumaa cha betri kinachopepesa kama cha kweli.

"Hiyo chai ni ya nani?" nikauliza, maana chai isiyo na mwenyewe huwa naisaidia.

"Ya Loki," akasema.

"Loki? Loki yenyewe?"

"Ndiyo. Kila Jumamosi huwa naomba. Kitu kidogo tu."

Loki! Kwa Mkenya aliyewahi kuhangaikia kazi kaskazini, Loki ni moja tu: Lokichoggio, kule Turkana, karibu na mpaka wa Sudan. Nilifua nguo huko miaka miwili katika kambi ya mashirika ya misaada, mpaka siku walipopunguza watu nikarudi nyumbani na ndoo yangu na ukurutu wa jua. Na mwaka huo ukame ulikuwa umeikausha Turkana yote. Simu zetu zilijaa picha za mbuzi waliokufa. Sasa hapa kuna msichana wa Kisii, ambaye kwao mvua haiji kutembea, inaishi huko, naye anawawekea watu wa Loki chai na kuwaombea. Nililengwalengwa na machozi, nikayafuta kwa foronya.

"Na peremende je?"

"Loki anapenda peremende."

Niliisikia ile "anapenda". Niliisikia vizuri kabisa. Nikajiambia, hicho ndicho Kiswahili cha Wagusii, hata mji wanaupa roho. Kosa ni hilo, na ni langu. Naliweka hapa mapema nisije nikamsingizia mtu.

Nilimwambia Mama Pam. Akakitazama kikombe, akatikisa kichwa polepole. "Huyu ana mzigo wa maombi," akasema. Mama Pam alimwambia Ndugu Henry, dereva anayeongoza ushirika wetu wa Ijumaa katika nyumba moja kule Al Rayyan. Habari ilipofika Al Rayyan, Nyanchama alikuwa anafunga kula siku mbili kwa wiki kwa ajili ya Loki. Iliporudi Najma, alikuwa amezaliwa Loki. Ndugu Henry akatangaza: Ijumaa ijayo ni Ijumaa ya Loki, kila mtu alete nguo na viatu vya kupelekwa, na Dada Nyanchama atasimama atuambie neno.

Nilimpa habari hizo Jumatano baada ya kazi, tumesimama nje ya kibanda cha karak, vikombe mkononi.

"Niwaambie neno kuhusu Loki?" Miwani ikamteleza. "Milly, wameshajua? Na hawajakasirika?"

"Wakasirike kwa nini? Ndugu Henry anatoa koti lake la harusi."

"Anampa Loki koti?"

"Analipeleka kwa njia ya meli. Lakini Lokichoggio koti la nini na jua lile, mimi sijui."

Akashusha kikombe chake. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayegusa waya asijue kama una umeme: "Lokichoggio ni nini?"

Jamani. Chai ilinipitia puani.

Ndipo akanieleza. Alipokuja Doha, wakala alimwahidi kazi ya kompyuta. Alipotua akapewa fagio na mkataba mwingine wenye sahihi yake, sahihi ambayo yeye hakuiweka. Alifagia mwaka mzima. Aliomba jinsi alivyofundishwa kwao mpaka magoti yakawa na sugu. Siku moja, kwenye kompyuta aliyokuwa akiifuta vumbi, akasoma habari za watu wa siku hizi, wako Ulaya na Marekani na kwingineko, wanaoiabudu tena miungu ya kale ya nchi za theluji. Mmoja wa miungu hiyo ni Loki, mjanja wao, bingwa wa kuvuruga. Ana uongo, ana mizaha, anajigeuza samaki, anajigeuza farasi jike.

"Jike?"

"Na akazaa."

"Nyanchama!"

"Nilikuwa nimetapeliwa na mafundi wa uongo, Milly. Nikasema, ngoja nitafute anayeijua hiyo kazi. Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa sijacheka miezi saba. Tangu hapo namwekea kitu kitamu na kumwambia mambo yangu. Hiyo ndiyo ibada yote. Sidhuru mtu."

"Na vile vyumba viwili?"

"Cha kwanza waliona mshumaa. Cha pili niliulizwa nikajibu." Akakunja kikombe chake. "Mama Pam akijua, nimetoka. Kitanda kingine ninachoweza kukimudu kiko mbali mno, kazini sitafika kwa wakati, na hii kazi nimeipata juzi tu. Nikiipoteza narudi kwenye fagio."

Mimi ubongo wangu hufanya kazi haraka nikiwa na hatia. "Rahisi," nikasema. "Ijumaa unasimama, unasema Loki inateseka, tuiombee, unakaa chini. Mungu wako ni wa uongo, sivyo? Mfurahishe."

"Si hivyo. Yeye akivuruga, mwisho ni yeye mwenyewe anayetumwa kutengeneza. Hadithi zake karibu zote ziko hivyo. Watu walete nguo za watoto wao kwa sababu yangu, halafu ninyamaze? Huo ndio ule mkataba niliowekewa sahihi."

"Basi nyamaza nusu," nikamsihi. Akatupa kikombe chake kwenye pipa.

Ijumaa ikafika. Sebule ya Al Rayyan ilijaa, magunia ya nguo yamepangwa ukutani, koti la Ndugu Henry limekaa juu kama mfalme. Nilijibana karibu na mlango. Tuliimba, tukaomba, kisha Ndugu Henry akasugua viganja kwa furaha.

"Bwana asifiwe! Kabla Dada hajasimama, nina zawadi yake." Akamvuta mbele mlinzi mmoja mrefu, amevaa bado sare ya kazi. "Huyu ni Ekal. Nimemtoa getini kwake leo hii. Ni mtoto wa Loki, kama dada yetu!"

Ekal akatabasamu meno yote, akampa Nyanchama mkono, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejoka?"

Nyanchama akaangalia ule mkono. "Nzuri," akasema.

Meno ya Ekal yakaanza kurudi ndani.

"Hata salamu ya kwenu umeisahau, dada?" Ekal akauliza kwa upole.

"Si kwetu," Nyanchama akasema. "Kwetu ni Keroka. Lokichoggio nimeisikia juzi Jumatano." Akaisukuma miwani juu, akaendelea. "Nawaomba radhi nyote. Loki wangu si kule. Loki ni yeye. Ni mungu wa zamani wa watu wa kaskazini, huko kwenye barafu, na mimi humwomba. Ile chai ni yake. Sikumdanganya mtu, ila tangu Jumatano nilijua mmekosea, na nguo zimeendelea kuja."

"Ashindwe!" Ndugu Henry akaruka nyuma kama amekanyaga nyaya.

"Ni mimi!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyesema ni mji! Yeye alisema 'anapenda', mimi nikasikia nilichotaka!"

Hakuna aliyeniangalia. Wote walikuwa wanamwangalia Mama Pam, na Mama Pam alikuwa anaangalia kiatu chake.

Aliyetuokoa ni Ekal. "Ngojeni," akasema, "huyo mungu anaitwa Lo-ki?" Akahesabu kwa vidole: "Babu yangu Lokiru. Mjomba wangu Lokwang. Jirani yetu Lokidongo. Mimi nawaambia huyo ni wa kwetu. Aliyempeleka kwenye barafu ni nani? Na anakunywa chai ya maziwa! Mwulizeni ana ng'ombe wangapi."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajaribu kukifanya kicheko kikohozi, kikamshinda, na sebule nzima ikafuata. Ndugu Henry mwenyewe alicheka, ingawa mkono wake haukuondoka juu ya Biblia. Kuhusu magunia, Ekal alisema yaende tu. Shangazi yake atayapokea, na watu wa kwao hawatauliza nguo zilitokana na kosa la nani. Koti aliliomba libaki.

Mama Pam hakucheka. Kwenye gari alitazama nje mpaka Najma, huku mimi nikimweleza yote niliyoyasikia kibandani, hadi ile ya farasi jike. Nyanchama alipanda ngazi akavuta sanduku chini ya kitanda bila kuambiwa, akaanza kukunja nguo.

Nasi tulikuwa na Proscovia, mwenzetu wa kitanda cha nne, Mganda wa Masaka, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa na kichwa nusu, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, akimngoja Mama Pam amalizie. Ijumaa Mama Pam huwasuka watu. Akaketi nyuma yake, akachukua kitana, akaanza kusuka.

"Huyo wako," akasema mwishowe, bila kuinua macho. "Kando na kuzaa kama farasi, amefanya nini kingine cha maana?"

Nyanchama aliweka blauzi chini. "Kuna mke wa mungu wa radi. Alikuwa na nywele ndefu sana, sifa ya nchi nzima. Loki akamnyoa akiwa amelala."

Mikono ya Mama Pam ikasimama. "Zote?"

"Zote. Kwa mzaha tu."

"Woi, nnyabo," Proscovia akanong'ona, akishika upande wake wa wima.

"Mume akataka kumvunja mifupa. Loki akaondoka mwenyewe, akashuka chini ya ardhi kwa mafundi wa dhahabu, akarudi na nywele za dhahabu. Akamwekea. Zikashika, zikaota."

"Ziliota kwenye ngozi? Bila uzi?"

"Bila uzi."

"Bila gundi?"

"Bila gundi, Mama Pam."

Mama Pam alibaki na kitana hewani. Aliposema tena, hakuwa anazungumza na yeyote kati yetu. "Mwaka wa 2006 nilikuwa na saluni Naivasha. Bibi harusi akaja Alhamisi, harusi Jumamosi. Nilimpaka dawa ya kulainisha, nikatoka nje kidogo kupiga gumzo. Niliporudi nikaosha, zikabaki mkononi mwangu. Zote."

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nilifunga duka usiku huo. Sikungoja hata Jumamosi. Nilihama mji, halafu nikahama nchi." Akapumua. "Sikumtafuta. Mpaka leo sijui alivaa nini kichwani. Kumbe huyo sanamu ana adabu kuliko mimi."

Proscovia akashika tena upande wake wa wima. Hata mimi nikashika kichwa changu.

"Nyanchama."

"Ndiyo, Mama Pam."

"Ungeweza leo kusimama pale useme 'tuombee Loki' na nikalia na kukuamini."

"Ndiyo."

"Rudisha sanduku. Kitanda ni chako. Dirisha ni la Yesu. Hicho kikombe kikae kwenye kitanda chako cha juu, ndani ya pazia lako, na nisione kitu kinachowaka hata kama ni betri. Nami nitakuombea kila asubuhi kwa sauti, kwa jina lako, mpaka umwache. Ukichoka kusikia, ziba masikio."

"Sawa," Nyanchama akasema, akaketi juu ya sanduku, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Mpaka lini?"

"Mimi nina viza ya miaka miwili. Wewe?"

"Miwili."

"Basi tutaona nani atachoka." Mama Pam alimfunga Proscovia rasta ya mwisho, akampiga bega ainuke, akaonyesha kiti. "Njoo hapa. Kichwa hicho kinaiaibisha nyumba yangu tangu mwezi wa sita, nimekivumilia kwa sababu nilidhani umefunga kula."

Nyanchama akaketi. Mama Pam alimwekea mikono miwili utosini, akafumba macho, akaomba ombi refu, la kutikisa vitanda, akimtaja kwa jina mara tisa. Nyanchama alisema amina mahali pote panapotakiwa. Nyumbani alilelewa vizuri. Kisha kitana kikazama.

"Na hao mafundi wa dhahabu," Mama Pam akauliza, akimvuta nywele mpaka nyusi zikapanda, "walikuwa wangapi?"

"Ndugu wawili au watatu. Wafupi sana. Wanaishi chini ya ardhi."

"Nilijua," akasema Mama Pam. "Kichwa kizima kama kile, mtu mmoja hawezi."