Wawili Kitanda Kimoja

Fundi cherehani alijifungua mtoto wake wa pili asubuhi, na kabla jua halijawa kali alikuwa amelala kitanda kimoja cha wodi mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na mwanamke asiyemjua, muuza matunda aliyepata mapacha. Vichanga vitatu vilibanwa katikati.

"Dada, nikikupiga teke usinishtaki," alisema muuza matunda.

"Piga tu. Mradi usinitie dole gumba puani."

Walicheka mpaka mishono ikawauma. Muuguzi wa zamu aliwaambia, kwa sauti ya chini, kwamba vitanda vipya vimo stoo, vinamngoja mgeni rasmi aje kuvizindua.

Mama mkwe wa fundi aliingia na chupa ya chai. Alimfunua mjukuu, akamtazama, akamfunika.

"Wa kike tena. Si neno, mwanangu, mwakani utatuletea dume. Mimi nilizaa tisa."

Fundi alimvuta mtoto karibu na kifua.

Mara wakaingia bwana mmoja mwenye suti na mpiga picha. Walikuwa wametoka kwenye mkutano wa mambo ya idadi ya watu. Bwana yule alisimama miguuni pa kitanda.

"Tatizo lenyewe hili hapa," alimwambia mwenzake. "Dunia imepita watu bilioni nane, na hawa wanazaliana tu. Hakikisha miguu inaonekana."

Fundi akavuta shuka, akawafunika watoto wote watatu.

"Usipige."

"Mama, ni kwa faida yenu."

"Umeona sisi ni wengi. Hukuona kwamba kitanda ni kimoja?" Alijiinua kwa kiwiko, jasho likimtoka. "Kapige picha stoo. Vitanda vimo humo, vinangoja kukatiwa utepe!"

"Mwambie, dada!" muuza matunda alidakia, na wodi nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Bwana akamgeukia muuguzi. "Ni kweli?"

Muuguzi alitoa funguo mfukoni, akaenda kufungua stoo. Wageni waliondoka bila kuaga, na vitanda vikaingia vikiwa bado na nailoni.

Mama mkwe aliketi kwenye kitanda kipya cha fundi, uso umekunjuka. "Umewakomesha! Mwanamke mwenye ulimi huo lazima azae dume."

"Sizai tena, mama."

"Nani kaamua?"

"Mimi. Na mwanao anajua."

"Ukoo utakwisha!"

"Ulizaa tisa, mama, ukazika watano. Sijui ulisimamaje, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini yule na kamera yake hataniamulia, na wewe pia hutaniamulia."

Mama mkwe alimimina chai, akainywa mwenyewe mpaka tone la mwisho. Kisha akajifunga khanga vizuri na kutoka.

Alinuna mpaka mtoto akaota meno. Fundi alimsalimia kila siku kwa adabu zote, na kauli yake hakuibadili.